Kiti cha Katikati

Sichomi sindano. Sijui kusoma picha za eksirei.
Kazi yangu ni kiti cha plastiki
na daftari lililolowa mvua ya Kadutu.

Leo nimeandika:
Mama M'Cirhuza, muuza sambaza, Limanga.
Ziwa la kushoto.
Watoto watano. Cherehani moja,
nikaifuta: imeuzwa.

Mwanawe Murhula alinivuta hadi kwenye ngazi:
"Asistanti, usimwambie mama.
Sisi tumesema ni jipu, jipu kaidi tu.
Akijua, atakufa kabla ya dawa."
Nikajibu: nimesikia.
Kusikia si kuahidi, ila yeye alishusha pumzi.

Ndani, mama alikuwa akikunja kikwembe
mara nne, mara nane, kikawa kidogo kama barua.
"Funga mlango, binti yangu.
Mdogo wangu alikuwa na jipu kama hili.
Tulimzika Kabare.
Usiwaambie watoto,
Murhula ana mtihani wa Serikali."

Basi nikakaa kati ya mlango na kitanda
na siri moja niliyopewa mara mbili,
kama mtu aliyewekeshwa noti ile ile
na ndugu wawili wasiosemezana.

Hesabu nazo hazikungoja.
Nauli mpaka Ruzizi, karatasi ya kuvuka,
malazi ng'ambo, siku ishirini za mionzi,
na nani atampikia yule wa mwisho?
Parokia ilitoa nusu ya nusu.
Wenzake wa Limanga walileta makuta kwenye mfuko wa chumvi;
niliyahesabu, nikayahesabu tena,
na hadi leo ukurasa ule unanuka samaki.

Alhamisi nilimwita Murhula.
Sikuwa na hotuba. Nilimwachia kiti,
nikageukia dirisha,
nikatazama lile ziwa jingine, pana, lisiloumwa.

Kimya. Kisha mama:
"Umekula?"
"Bado."
Kimya kirefu kuliko cha kwanza.
"Mama, ni lile la mama mdogo?"
"Ni lile."

Nikasikia kiti kikisogezwa, miguu yake ikikwaruza saruji,
kikienda upande wa kitanda.

Sikuandika kitu.
Baadaye, chini ya hesabu, niliongeza tu:
mjomba wa Uvira hapokei simu.
Jumatatu, nimpigie tena.