Usiondoe Usichokileta

Bi Bożena Wilczek hakuanza na kompyuta.
Alitugawia soksi,
jozi kumi na mbili kila mmoja, na boksi,
akasema: fungeni, mimi natazama saa.

Tulikuwa tisa, ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani cha nyuzi
mjini Łódź, mwezi Februari,
mabomba ya joto yakigonga ukutani
kama mpangaji wa chini aliyechoshwa na kelele zetu.
Ofisi ya ajira ilitulipia wiki sita.
Mimi nilikuwa nimeendesha tramu miaka kumi na saba,
hadi jicho la kushoto lilipoanza kunisaliti.

Yeye alifunga soksi humu humu, chini ya paa hili,
mpaka mashine zikauzwa kwa uzito wa chuma.
"Programu nayo ni soksi," alisema.
"Bila mwenzake haifai kitu,
na mvaaji hajali ilikunjwaje."

Basi tukajifunza kukunja.
Piga picha ya kompyuta ikiwa safi.
Sakinisha programu. Piga picha ya pili.
Kilichozidi kati ya picha mbili ndicho kifurushi chako:
faili mia nne, funguo kwenye rejista,
alama moja juu ya skrini,
na takataka pia, usisahau takataka,
programu huja na makombo mfukoni kama mtoto wa shule.
Kung'uta.
Toa na kile kidirisha kinachouliza, "Je, unakubali?"
kwa maana saa nane usiku hakuna wa kukubali.
Kifurushi kizuri huingia kimya, hakibishi hodi.

Niliupenda ukimya ule.
Nyumbani nilikuwa nao wa namna nyingine:
Halina alipohama alichukua hata vibanio vya nguo.
Laiti ningepiga picha mbili za chumba kile,
ningejua hasa nini kilipungua.

Mwezi Mei hospitali ikanichukua kwa majaribio.
Kompyuta mia tatu na kumi na mbili.
Kazi ya kwanza: ondoa programu ya kale ya maabara,
weka toleo jipya.
Nikajaribu kwenye mashine pepe mara tisa,
na mara tisa ikajibu sifuri.
(Kwetu sisi wafungaji, sifuri ni neno la heri.)
Usiku nikaachia.
Mia tatu na kumi na mbili, zote kijani.
Nilikuwa ninachemsha chai
simu ilipolia.

Wodi ya wazazi. Muuguzi Irmina Sowa
alikuwa na programu ya kuchapa vikuku vya watoto wachanga,
ya miaka kumi na miwili, aliyeiandika keshastaafu,
haimo katika orodha yoyote niliyopewa.
Hiyo na ile ya kale ya maabara
zilikuwa zikila sahani moja.
Nilipomtoa mlaji mmoja
niliondoka na sahani.

Watoto wanne walikuwa wamezaliwa tangu saa nane.
Majina yao yalikuwa kwenye vipande vya plasta,
kwa kalamu ya bluu, herufi zimesimama wima
kama watu waliopangwa foleni kwa haraka.

Nikampigia Bi Bożena, usingizini.
Akasikiliza. Akakohoa.
"Ulihesabu faili," alisema,
"hukuhesabu majirani.
Usiondoe usichokileta."
Kisha akaniuliza kama nimekula.

Faili yenyewe ilikuwa kilobaiti tisini.
Niliirudisha kwa mkono, nikiwa nimepiga magoti
chini ya meza iliyonuka dawa na maziwa,
na mashine ikanijibu kwa namba
tuliyoikariri wiki ya tatu:
tatu, sifuri, moja, sifuri.
Imefaulu,
ila sharti uanze upya.

"Niizime sasa?" nilimuuliza Irmina.
"Ngoja," alisema, "kuna wa tano,
na jina la mama yake ni refu."
Akakata plasta, akaitandaza mezani,
ikawa inajikunja kila akiigusa kwa kalamu.
Nikamshikia ncha.