Tarakimu Ishirini

Kaka Mwinshehe hupiga simu Jumapili saa tano.
Kwake Leipzig ni saa nne, au tatu,
kutegemea kama wamerudisha saa nyuma.
Mpaka leo sijui nani aliwaruhusu.

Nauliza yale yale, ananijibu yale yale.
Dawa amemeza. Ya bluu asubuhi, nusu ya nyeupe usiku,
zimo kwenye kijisanduku chenye siku saba,
na Jumatano hufunguka kwa shida
kama mlango wa msala wetu wa zamani, Buguruni.
Chupa tupu kazirudisha dukani, mashine imezimeza,
ikampa karatasi ya senti themanini.
Takataka zina mapipa manne. Ukikosea pipa
unaandikiwa barua na jirani wa juu, Bi Krause,
barua yenye adabu, yenye tarehe, yenye sahihi.
"Hajawahi kunigongea mlango. Miaka kumi na tisa."
Anasifu au anashitaki,
sauti yake haichagui.

Mimi nampa ya Kimara:
maji yalitoka juzi usiku wa manane, nikajaza hadi masufuria;
mwenye duka la kona kaoa tena;
barabara waliyoimaliza mwaka jana wanaichimba.
Hapo hucheka. Hucheka mpaka akakohoa,
nami nahesabu kikohozi, simwambii.

Kisha luku.
Luku ananunua yeye, kwa laini
aliyoisajili alipokuja kumzika mama.
Angeweza kunitumia ujumbe. Hataki.
Tarakimu ishirini anataka kunisomea kwa mdomo,
na mimi nasimama kwenye mita, miwani puani, nabonyeza.
Ndiyo mazungumzo yetu ninayoyaamini zaidi:
hayana habari ndani yake, kwa hiyo hayana uongo.

Mwezi wa pili, wiki ile aliyoteleza kwenye barafu
("nilijikwaa tu," alisema, nikamwachia),
akaanza kusoma mbilimbili.
Saba na arobaini, alisema. Mbili na thelathini.
Nikaandika nilivyosikia. Mita ikakataa.
Tukarudia, polepole, kama kumlisha mtoto uji.
Saba na arobaini.
Ikakataa.
"Mita yenu mbovu."

Yenu.
Na tofali kanunua yeye,
na nondo zilizochomoza juu ya paa, zenye kutu,
zinaingoja ghorofa yake.

Friji ilikuwa imenyamaza, na samaki ndani.
Ndipo nikaikumbuka barua ya mwaka themanini na tatu,
ya wino wa bluu, anajifunza lugha yao chuoni:
*Huku wanahesabu kinyumenyume,
mamoja mbele, makumi nyuma,
kama mtu anayeingia kwake kwa kutanguliza kisigino.*
Baba aliisoma kwa sauti.
Tulicheka mpaka mkeka ukahama.

Sikumwambia. Nikasema, "Hebu tena, kaka, simu inakatakata."
Akasoma. Saba na arobaini: nikabonyeza nne, saba.
Mbili na thelathini: tatu, mbili.
Nikamgeuza jozi kwa jozi mpaka mwisho.
Mita ikalia mlio wake,
friji ikashtuka, ikaanza.

"Imeingia?"
"Imeingia."
"Unaona? Ulikuwa unaandika vibaya."
"Nilikuwa naandika vibaya."

Akatulia. Nyuma yake kengele za kanisa,
nyuma yangu fundi anakata bati.
"Uniti ngapi?"
"Tisini na sita."
Nikamsikia, mbali na simu, ananong'ona,
anazigeuza kwanza ili ziingie kwake.
Sita na tisini.

"Haya," akasema. "Zitatufikisha mfungo."