Chujio la Hewa

Gereji ya baba, Gerezani, enzi za Pijo:
Ijumaa foleni ya kubadili oili,
Jumatatu magari yanarudi
na Mikumi nzima imeganda kwenye matairi.

Kazi yangu kugonga chujio la hewa
lipate kutema: vumbi jekundu, punje za nyasi,
bawa la panzi.
Ndivyo nilivyoijua mbuga,
kwa kukohoa.

Siku moja Bi Sherbanu wa Upanga
alikuja kwa miguu, ana karatasi mkononi.
"Fundi Kondo, wanataka kuupasua msitu,
watie lami katikati.
Weka sahihi, tuwazuie."

Baba akafuta vidole kwa tambara, kimoja kimoja.
"Na wewe msitu huo uliuonea wapi?"

Bi Sherbanu akaitazama Pijo ya mtu mwingine,
imeinuliwa jeki, haina gurudumu.
"Barabarani," akasema. "Dirishani.
Tembo alivuka, nikazima injini.
Sijawahi kusikia kimya kama kile."

Baba hakucheka.
Hakuomba kalamu pia.
Alichovya dole gumba kwenye grisi
akaligandamiza chini ya majina ya wenye magari,
yeye asiyekuwa na hata baiskeli.

Jumamosi akamfungia bibi yule feni belti mpya.
Safari ilikuwa ndefu.

Vuli ikanyesha. Nyuma ya gereji,
pale nilipozoea kugonga machujio,
zikaota nyasi nisizozijua jina.
Baba akapiga marufuku
kuegesha gari hapo.