Wa Arobaini na Moja

Ngazi ya tatu, jumba namba tano, Michenzani,
mlango wa Bi Mize haukujua komeo mchana.
Tukimwachia watoto alfajiri na boflo nusu
na neno moja: "Nakuja."
Hakuwahi kuuliza, saa ngapi.
Mwisho wa mwezi kilo ya sukari, mche wa sabuni;
hupokea akitazama pembeni.
Watoto kumi na mmoja, jamvi moja.
Aliwajua kwa vilio: huyu njaa, huyu jino,
huyu wa Shaibu uongo mtupu.

Mwaka juzi mpwawe kampigia kutoka Maskati:
kuna nyumba, kuna mapacha, kuna mshahara.
Hatukumlaumu. Nani alimpa zaidi ya sukari?

Ndipo tukajifunza hesabu.
Wasichana wa Kojani waliokuwa wakija kulea
sasa hutandika vitanda vya wageni Paje;
akija mmoja, hutaja bei yake kabla hajakaa.
Wifi yangu anasomea ualimu.
Mama mkwe ana genge Mwanakwerekwe.
Nyumba nzima imekwenda kazini.

Kwahani wamefungua kituo, kuta za manjano,
vyoo vidogo kama vikombe.
Laki na nusu kwa mwezi, uji mbali.
Ukipita saa kumi, elfu mbili kila nusu saa,
na zamu yangu wodini haiijui saa kumi.
"Andika jina," karani akasema. "Wako wa arobaini na moja."
Akanitazama tumbo.
"Na huyo muandikishe. Wenzio huja wakikosa tu siku zao."
Nikacheka. Nikaandika. Jina bado sina;
nikaandika: Mtoto wa Mwanakhamis.

Jana usiku Bi Mize kapiga kwa picha.
Swaumu wangu kaubusu uso wake kiooni, kauacha na mate.
Kule, mapajani mwake, kichwa chengine kimesinzia.
Akanong'ona: "Huyu naye kilio cha jino."
Kisha, kama aliyekumbuka chungu jikoni:
"Lile jamvi langu, mnalianika?"

Nikasema ndiyo.
Lilikuwa nyuma ya kabati tangu aondoke.

Leo nimelitoa. Linanuka mikojo
ya watoto ambao sasa wanavaa sare za skuli.
Nimelitandika ukumbini, nimesimama na nguo zangu nyeupe,
nahesabu milango ya ngazi hii:
nani ana zamu ya usiku, nani ya mchana,
nani atakubali nimshike wake Jumanne
anishikie wangu Alkhamisi.
Wangu nimeuacha wazi.
Bado hajaingia mtu.