Mwizi wa Tatu

Kwenye filamu, Lali, umekufa mara tisa:
askari, kuli, mganga, mwizi wa tatu.
Mara moja ulikuwa hakimu,
ukakohoa tu.
Na jina lako mwishoni hupita mbio
kama punda aliyekata kamba.

Shemejiyo bado huhesabu vijiko ukiondoka.

Lakini Alhamisi, harusini Langoni,
ulipoulaza udi pajani
ukaukaza ule uzi wa nne unaolegezwa na chumvi,
Bwana Badi alikuwa akigawa halua.
Akasita, sinia mkononi:

"Huyu si yule aliyenyongwa?"

Ukacheka, ukapiga.
Masharubu ya gundi, ya jana,
yalikuwa yamebanduka upande mmoja.
Hukuyagusa.
Vidole vilikuwa na kazi.