Inakwenda Wapi

Halmashauri ilinipa kalamu nyekundu,
ramani ya zamani iliyokunjwa hata mikunjo ikatoboka,
na fomu yenye safu nne:
jina, urefu, inatoka wapi, inakwenda wapi.
Isiyojaza safu zote, niikate.

Njia ya kwanza niliikosa mara tatu.
Makangaga yalikuwa yameimeza, gari langu likanasa
mpaka Attracta Gilhooly akaja na trekta, na mbwa,
na mabuti ya mpira ya marehemu mumewe,
akacheka: "Unaitafuta, na umesimama juu yake."

Tangu hapo nikamfuata yeye, si ramani.

Hii, akasema, ni ya maziwa. Punda wa kina Mulvey
aliijua hata bila Mulvey:
alikwenda na madebe, akarudi na madebe,
bwana wake kalala fofofo mkokotenini.
Hii ni ya maiti. Liguse jiwe hili,
bapa kama meza; hapa walitua jeneza, wakabadilishana mabega,
na hapa, mwaka wa theluji kubwa,
walimwacha Hubert McTernan usiku kucha
na taa, na mtu wa kumpigia soga.
Hii ni ya dansi.
Hakueleza zaidi. Alitazama ukuta ulipobomoka,
pa kupita mtu mmoja,
au wawili waliobanana,
kisha akamwita mbwa ambaye hakuwa amekwenda kokote.

Niliandika. Manyunyu yakaufuta wino. Nikaandika tena.

Ya mwisho ilikuwa pana, imenyooka,
mawe yake yamepangwa kwa mkono, moja moja, kama meno.
Tuliifuata kupanda mlima, kilomita moja na robo.
Hakuna nyumba. Hakuna kisima. Hakuna hata lango.
Kisha mawe yakakoma
katikati ya mboji nyeusi na matete,
kama maneno ya mtu aliyeitwa nje ghafla.

"Inakwenda wapi?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Kwenye uji," akasema.
"Viazi vilioza. Serikali haikutaka watu wale bure,
ikawagawia nyundo. Jiwe kwa jiwe, bakuli kwa bakuli.
Unga ulipokoma kuja, na njia ikaishia hapo.
Bibi wa bibi yangu alilaza mojawapo ya mawe haya.
Sijui lipi. Ndiyo maana nakanyaga polepole."

Penye nia pana njia, walitukaririsha shuleni.
Huku juu sikuiona nia ya mtu yeyote.
Palikuwa na njaa,
na njia ikatoka humo humo.

Mbwa alikunywa maji meusi. Mvua ikaanza kweli.
Safu ya nne ilikuwa bado wazi,
nikaikinga kwa kofia na kuandika: Bakuli.

Ijumaa, Sorcha wa kompyuta akanipigia kutoka ofisini.
Mfumo umekwama, alisema.
"Hii Bakuli, iko kata gani?"