Sauti Moja kwa Wapenzi Wawili

Kazi yangu ni kusoma mapenzi ya watu wengine.
Studio iko ghorofa ya tatu, nyuma ya soko la Kutaisi,
dirisha limezibwa kwa blanketi la jeshi,
tunarusha moja kwa moja, kurekodi ni gharama,
na mimi, Nargiza, na koo langu la mafua,
nasema ya mwanamume, nasema ya mwanamke,
kwa sauti ile ile, kavu kama mkate wa juzi:
"Usiende." "Lazima niende." "Basi nenda."
Chini yangu wenyewe wanasikika kwa mbali,
kama majirani wanaogombana ng'ambo ya ukuta.

Miaka kumi na tisa. Nimependa kwa niaba
ya wanajeshi, madaktari, waoka mikate, wana wa wafalme;
nimeachwa stesheni mara zisizo idadi.
Hadithi nazijua kama ngazi za kwetu gizani:
hapa watagongana, hapa barua itapotea,
hapa mvua.
Mvua lazima.

Kwa hiyo usiniulize filamu inahusu nini.
Maneno ninayo mimi, yamepigwa chapa karatasini,
na karatasi haijawahi kumliza mtu.
Niulize nani anacheza.

Yuko yule kijana wa kope ndefu, mabango yote yake.
Anabusu kama karani anayegonga mihuri.
Kabla ya kumkimbilia mpenzi wake darajani
jicho linashuka, kidogo tu, kutafuta
utepe sakafuni, pale alipoambiwa asimame.
Nimeliona jicho lile. Basi, imekwisha:
daraja limekuwa mbao, mvua imekuwa mpira wa maji,
na mimi nahesabu kurasa zilizobaki.

Halafu Alhamisi moja, katika filamu ya bei ya chini
ambayo jina lake nimeshalisahau,
akaja mwanamke wa makamo, pua kubwa, koti kama la kuazima.
Mwanamume anamwambia anaoa kwingine, mwezi ujao.
Yeye alikuwa anamenya kiazi.
Hakuacha kumenya. Kisu kilipunguza mwendo tu,
na ganda likatoka refu, jembamba, zima,
likaning'inia, likaning'inia,
naye akalitazama kana kwamba ndilo lililosema.
Kisha akacheka kidogo, kwa adabu,
kama anayemshukuru mgeni kwa zawadi asiyoihitaji.

Kwenye karatasi yangu: "Nakutakia heri."
Kinywa kilifunguka. Neno halikutoka.
Badri, fundi mitambo, akanionyesha saa kwa kidole;
akaniona uso; akashusha kidole.
Sekunde sita nzima
mji wote ulibaki na pumzi za yule mwanamke
na kisu juu ya kiazi.

Wanasema kuigiza ni kudanganya. Labda.
Mume wangu wa zamani hakuigiza hata siku moja.
Aliniambia "nakupenda" kila asubuhi, kwa maneno kamili,
jicho likitafuta viatu.

Kesho yake Lamara wa duka la jibini
akanifungia kipande bila kukipima, macho bado mekundu.
"Hadithi yenyewe ya kijinga," akasema,
"mwisho niliujua hata chai haijachemka.
Lakini yule mama! Na wewe pia, Nargiza,
pale alipomtakia heri yule mshenzi,
miaka yote hii nakusikiliza
hujawahi kulisema neno vizuri namna ile."

Nikalipa. Nikasema asante.
Nyumbani nikabandika sufuria, nikachukua kiazi,
nikajaribu.
Ganda likakatika kabla hata ya kuzunguka.
Nikachukua kingine.